Mama Aliyekaa Nje ya Saluni Yake

Mapendo mwanangu,

Sasa hivi uko Berea kwa Mama Solange, unaagwa. Wamekupikia sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa ndagala, najua, na yule mwanamke ametia mawese mengi kuliko inavyotakiwa, nawe utasema ni tamu. Nilialikwa. Usije ukawaambia watu huko Port Elizabeth kwamba mama yako aliachwa nyumbani. Nilisema magoti yananiuma. Magoti hayaniumi, mwanangu. Ni wivu, na nimeamua kuuandika kwa jina lake kabla hujaondoka, maana nikisema kwa mdomo nitaanza kuzungumzia koti.

Habari za koti, za chaja, za kutokaa karibu na mlango wa basi, hizo nimezisema wiki nzima mpaka ukawa unanijibu kabla sijamaliza. Sizirudii. Nimekaa hapa saluni, nimeshusha mlango wa chuma hadi nusu, na kelele za Jules Street zinaingia kwa chini. Baba Rama wa spaza, kile kiduka cha jirani, amechungulia akaniuliza nafanya nini na kalamu. Nikamwambia namwandikia mtoto barua. Akasema, "Kwani si unalala naye nyumba moja, dada yangu?" Mtanzania wa watu hajui kwamba mnaweza kulala nyumba moja na bado mkahitaji posta.

Nataka ukumbuke kwamba lile wazo la watu kuponyana huku wakisukana lilikuwa langu. Sijui kama huko kwenye kundi lenu kuna mtu amewahi kulisema, kwa hiyo nalisema mimi. Ulikuwa umeanza kazi ya kutafsiri kwa Daktari Wanjiru, yule Mkenya anayefundisha chuo kikuu pale Braamfontein, aliyekuwa anakusanya watu wazima wa kwetu, Waafrika wenye mizigo ya vita na ya safari na ya fujo za mji huu wa Johannesburg, ili wazungumze pamoja wapone. Alikuwa anawaketisha ofisini, viti vimepangwa duara, katikati sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Wanawake wa Kongo na Burundi walikuja mara moja, wakasalimia kila mtu, wakasema wote ni wazima kwa neema ya Mungu, wakanywa chai, na hawakurudi. Ulirudi nyumbani umevunjika moyo. Ukaniambia, "Mama, bako banakaa kama batu banangoja karatasi ya ukimbizi."

Mimi nilikuwa namsuka mteja, wala sikugeuka. Nikasema mwanamke gani atatoa ya moyoni huku watu wamemkodolea macho? Mpeni kazi ya mikono. Asimame nyuma ya mwenzake, amshike kichwa, aone utosi tu. Hapo mtasikia mambo.

Wiki iliyofuata ukaja na Daktari mwenyewe. Alikaa pale kwenye benchi la wateja nusu siku nzima, akatazama, akasikiliza jinsi wanawake wanavyomwaga mioyo yao bila kuulizwa. Mwishowe akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayapenda, ingawa yeye mwenyewe kuna siku sikumpenda kabisa. "Mama, hii dawa nilifundishwa ilishonewa mwili wa watu wengine. Lazima tuifumue, tupunguze hapa, tuongeze pale, ndiyo itutoshe." Nikajiona mtu mkubwa. Nikampa ufunguo wa Jumatatu, siku ambayo saluni inafungwa. Nilifua taulo zote. Nilinunua pazia.

Jumatatu ya kwanza nikavuta kigoda changu nikakaa. Kwa nini nisikae? Ni kwangu. Daktari akanijia polepole, akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayetaka kukopa. "Mama, pole sana, lakini tuko na sheria moja. Mzazi na mtoto hawakai kwa group moja. Mapendo hatakuwa huru, na wewe pia hutakuwa huru." Nilikutazama. Nilitaka useme, mwacheni akae, ni mama yangu. Ukainamisha kichwa ukaanza kupanga vichana vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nikatoka. Baba Rama akanipa kreti ya soda, nikaigeuza, nikakaa nje ya saluni yangu mwenyewe nikitazama magari yakisimama kwenye robot, pale kwenye taa za barabarani. Ndani nikasikia mnaimba. Halafu mkacheka. Halafu pakawa kimya, na kile kimya ndicho kilichonitesa, kwa sababu nilijua katika kimya kile kuna mtu anaambiwa kitu. Jumatatu baada ya Jumatatu nilikaa pale. Nilijitungia sababu: mara ninalinda mlango, mara nangoja mzigo wa meshi, nywele za kusukia. Baba Rama akaniambia siku moja, "Dada, punguza kutega sikio, unanizibia wateja." Alitania, lakini hakukosea.

Mkitoka nilikuwa natazama macho yenu. Nani amelia, nani hajalia. Nyumbani nikakupikia, nikakuuliza kama mpita njia, leo mlikuwa mnasuka mtindo gani? Ukanijibu, "Eish, Mama, ya kule yanabaki kule." Ukala, ukaosha sahani yako, ukaenda kulala.

Hebu fikiria hali yangu, Mapendo. Kiti kile chekundu kimekaliwa na wanawake kutoka Uvira, Goma, Lubumbashi, Bujumbura, na wenyeji wa hapa pia. Wamenieleza mambo ambayo waume zao hawayajui na pasta hatayajua. Najua nani ana mtoto Kigoma. Najua nani hakufiwa na mume kama anavyosema. Vichwa vyote hivyo vilifunguka mikononi mwangu, na kimoja tu hakijawahi kuniambia kitu, kile nilichokizaa mimi. Kisha ukaenda kukifungua kwa watu baki, ndani ya chumba ninachokilipia kodi.

Halafu ikaja ile Jumatatu uliyotoka umesukwa.

Nilikuona kabla hujaniona. Matuta membamba, yameanzia mbele yakarudi nyuma, yamekutana shingoni. Nikauliza, nikijua jibu litaniumiza, nani amekusuka? Ukasema bila hata kupunguza sauti, "Mama Solange." Mama Solange wa Lubumbashi, mwenye saluni ile ng'ambo ya robot, anayeimba kwaya mstari wa mbele, anayewaita wateja wangu "ma chérie" mpaka wanavuka barabara. Ndiye aliyepewa kichwa chako. Kwenye kiti changu. Nilikwenda kukagua kama alitumia kichana changu cha mkia, nikakikuta kina nywele zako.

Tangu uote nywele hakuna mkono uliokugusa zaidi ya huu. Nilikusuka Bukavu, nikakusuka njiani, nikakusuka kwenye chumba kimoja tulichokuwa tunapanga Hillbrow na familia nyingine tatu. Nikayashika yale matuta nikiyatafutia kosa. Mistari ilikuwa imenyooka. Mbele, kwenye nywele changa, hakuvuta kabisa. Nikasema, "Amelegeza sana. Zitafumuka kabla ya Jumapili."

Jumapili ikapita. Hazikufumuka. Nilikuwa naziangalia kila asubuhi unapokunywa chai. Sasa nitakwambia jambo ambalo hata kwenye maombi sijalitaja. Jioni moja ulikuwa unatazama televisheni, nikaja nyuma yako nikakwambia kuna tuta limefumuka, ngoja nilirudishie. Halikuwa limefumuka. Nililifumua mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikaanza kulisuka upya ili angalau liwepo moja la kwangu.

Ukanishika mkono. Hukunisukuma, uliushika tu ukaushusha. "Wacha, Mama. Weye unavutaga sana. Tangu ile siku unavutaga sana."

Ningeweza kukuuliza siku gani. Sikuuliza kwa sababu niliijua. Ilikuwa siku ile ya fujo, ulipokuwa bado mwanafunzi, watu walipoteremka Jules Street wakivunja maduka ya wageni. Tulishusha huu mlango wa chuma tukabaki ndani, wewe na mimi, giza. Tulisikia friji ya Baba Rama ikiburutwa kwenye lami. Ukaanza kutetemeka, meno yanagongana, nami nikawaza, huyu akipiga kelele tumekwisha. Nikakukalisha kwenye kiti nikaanza kukusuka kwa kupapasa. Nilikaza makusudi. Nilitaka uchungu wa kichwa ushinde hofu ya mlango. Mtu alipiga teke chuma, nikakaza zaidi. Nilisuka mpaka nje pakatulia, na asubuhi ulikuwa na vipele paji zima la uso.

Kanisani tulisema Mungu ametulinda, na ni kweli. Ila mimi sikuwahi kukuuliza ulisikia nini mle gizani. Nilikuletea mafuta ya kupaka vipele. Nilidhani binti akiwa anakula, anasoma, anacheka na simu yake, basi yamepita. Huo ndio uongo niliojifundisha Bukavu, nilipojificha chini ya meza ya shangazi yangu nikiwa mdogo kuliko wewe wa siku ile, na baadaye watu wazima wakanipa uji, hakuna aliyeniuliza chochote. Nikakua nikiamini uji ndio jibu.

Kwa hiyo ulipata wa kukuuliza. Haki yako. Lakini kwa nini awe yeye? Hapo ndipo nilipokuwa nalala na kuamka.

Nilipanda basi hadi Braamfontein nikaingia ofisini kwa Daktari nikamwambia nirudishie ufunguo wangu. Nilikuwa nimepanga maneno makali, ya kwamba amekuja kuwatenganisha watu na watoto wao. Akasema, "Si ukunywe chai kwanza, Mama." Akaitengeneza na maziwa mengi kama wanavyofanya wao. Nikayamwaga maneno yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha badala ya kujitetea akaniambia kuna kundi jingine, la Alhamisi, Berea, kwenye chumba cha chini cha jengo moja la zamani. "Huo wivu, Mama, uje nao. Usiuache nyumbani." Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema, "Hakuna mtu amesema hivyo. Beba tu kichana."

Nilikwenda, ndiyo, lakini sikwenda kupona. Nilikwenda kupeleleza. Nilitaka kuona ni kitu gani mnapewa mle ndani kinachowatoa mikononi mwa mama zenu.

Wakanipanga na Aline. Msichana wa Burundi, rika lako, anafagia maofisi mjini, nywele zake zilikuwa zimeachwa siku nyingi mpaka zimeshikana. Nikaanza kuchambua. Mazoea ni mazoea, nikavuta, nikaona shingo yake inakaza. Nikakumbuka mkono wako ukiushusha wangu. Nikalegeza. Mwanangu, sikujua kwamba naweza kusuka hivyo. Shingo ikalainika, na baada ya kitambo akaanza kuongea, sauti ya chini, akizungumza na ukuta.

Alichosema sitakwambia. Unaona? Nami nimekuwa mtu wa kusema ya kule yanabaki kule.

Lakini hili la simu nitakwambia, kwa sababu ni langu kuliko lake. Katikati ya kuongea, simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, kutoka Bujumbura. Aline akajifuta uso, akapokea, na kwa Kirundi kile kidogo ninachoelewa nikamsikia akisema yuko salama, anakula vizuri, hapana halii, ni mafua tu, baridi ya Johannesburg. Akacheka kidogo ili kumtuliza. Akakata simu, akairudisha kwenye mfuko, akainamisha kichwa mikononi mwangu, na akanimalizia mimi, Mkongomani wa mtaa wa Malvern asiyejua hata jina lake la ukoo, lile jambo alilotoka kumficha mama yake.

Nikasikia utamu, Mapendo. Sitakudanganya. Nilijiona nimechaguliwa. Nilitamani Alhamisi ijayo ifike kesho. Na nilipokuwa nafunga tuta la mwisho ndipo nikamwona yule mwanamke wa Bujumbura ameshika simu ambayo bado ina moto, akijiambia mtoto wangu ananiambia kila kitu. Au labda hajiambii hivyo. Labda ameshasikia kwenye ile sauti kwamba si mafua, na amekaa na mashaka yake jikoni. Kwa huyo mama, mimi ndiye Mama Solange.

Nilitaka kumpigia. Nilitaka kumwambia, dada, mwanao ameliwazwa, nywele zake nimezisuka vizuri, sikuvuta. Hairuhusiwi. Nikaanza kurudi nyumbani kwa miguu, nikafika Hillbrow ndipo nikakumbuka nilipaswa kwenda upande mwingine.

Usifikiri wivu umekwisha, maana ningekuwa naandika habari za mtu mwingine. Juzi nilikutana na Mama Solange kwenye robot. Nilimsalimu kwanza mimi, jambo ambalo lingepaswa kuandikwa mahali. Akanishika mkono na mikono yake yote miwili akasema, "Mama Mapendo, mutoto yako anakupendaka sana." Nikamjibu, najua. Nikavuka barabara moyo unaniwaka. Amejuaje? Ulimwambia Jumatatu gani? Ulikuwa unalia au unacheka? Hata hiyo habari njema, inayonihusu mimi mwenyewe, ilianzia masikioni mwake.

Sasa wewe unakwenda huko pwani, Port Elizabeth, kusimamia kundi kama hilo. Hutakuwa mtafsiri tena, utakuwa mwenye kundi. Kazi yenyewe siijui, lakini kuna kitu kimoja nakijua kuliko Daktari, kwa sababu yeye hajawahi kukikalia. Wasichana watakuja kwako na vichwa vyao. Watakuchagua, na utasikia ule utamu niliousikia mimi. Usiukatae, mtu akikupa moyo wake lazima usikie kitu. Ila siku hiyo toka nje uangalie. Kutakuwa na mwanamke amekaa kwenye kreti, anajifanya analinda mlango au anangoja mzigo. Usimwambie yaliyosemwa ndani, maana sheria ni sheria na sasa naielewa. Mpe chai. Mtafutie kiti chenye mgongo. Muulize yeye jina lake na ametoka wapi. Mimi ningefanyiwa hivyo Jumatatu moja tu, ningelala.

Na kwangu pia kuna jambo nimeliacha. Nilikuwa nataka yote. Kila ulichowaambia wao, nilitaka nipewe mimi, kwa mpangilio uleule, na machozi yaleyale. Siyataki tena yote. Yakae huko. Ninachotaka ni kidogo, nacho hakitoki kwao.

Jana uliniambia nisijisumbue, utaondoka na matuta haya ya Mama Solange, bado ni mazuri. Nilinyamaza ukadhani nimenuna. Nilikuwa nimenuna, ndiyo. Lakini ni kweli, bado ni mazuri. Sikuombi kichwa chako.

Basi lako linaondoka Park Station kesho jioni. Kesho ni Jumatatu, saluni imefungwa, na kundi lenu wamesema watakuachia siku. Kwa hiyo asubuhi ni ya kwetu. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako ili ukirudi kutoka Berea uikute kabla hujalala. Wakati naandika nimevua kitambaa nikafumua nywele zangu zote. Utashangaa jinsi zilivyokuwa nyeupe huku nyuma. Hujawahi kuziona, hakuna aliyeziona, kwa sababu tangu niingie mji huu najisuka mwenyewe kwa vioo viwili, mlango umefungwa.

Kesho nitakaa mimi kwenye kiti chekundu. Wewe utasimama nyuma. Najua huwezi kusuka, mistari yako inakwenda kama kuku anayekimbizwa, na nitakwenda kanisani hivyohivyo, Mama Solange aone. Nitaanza na ile meza ya shangazi kule Bukavu. Baadaye, ukitaka, niulize habari ya siku ya mlango, nami nitakuuliza wewe ulisikia nini. Usiniangalie usoni. Angalia utosi.

Na ukisikia nimeanza kuzungumzia koti, vuta.

Mama yako